Jina la Mfungaji

Katika mchezo wa mpira wa miguu yapo mambo mengi yanayofanyika yakapita bila ya kuandikwa. Beki anayeokoa hatari haandikwi. Winga anayekimbia mbio ndefu bila ya mpira ili amfungulie njia mwenzake haandikwi. Kipa anayejua kusimama mahali pake, hata mpinzani akakosa pa kupiga, naye haandikwi. Lakini anayelifumania lango hana budi kuandikwa: namba ya jezi, jina na dakika, kisha karatasi ikatiwa saini. Ndiyo maana maisha ya mshambuliaji ni mepesi kuyafuatilia kuliko ya mchezaji mwengine yeyote. Na ndiyo maana, ikiwa hata mshambuliaji hana historia, tuna haki ya kuuliza karatasi zilikwenda wapi.

Tarehe 20 Septemba 2016, huko Jinja nchini Uganda, pale Mto Nile unapoliaga Ziwa Viktoria, timu ya wanawake ya Tanzania Bara iliifunga Kenya mabao 2 kwa 1 na kulitwaa kombe la wanawake la Afrika Mashariki na Kati. Mashindano hayo yalikuwa yamechezwa mara moja tu kabla ya hapo, mwaka 1986, kisha yakalala usingizi wa miaka 30. Mabao yote mawili ya Tanzania aliyafunga mtu mmoja, na yote katika kipindi cha kwanza. Mtu huyo ni Mwanahamisi Omari. Kwa muda wa miaka kadhaa alikuwa mbele ya Twiga Stars, na alikuwamo katika klabu zilizoijenga ligi ya wanawake ilipokuja kuanzishwa, ikiwamo Simba Queens. Hata hivyo, mwulize shabiki wa kawaida wa Dar es Salaam juu ya Mwanahamisi Omari, naye huenda akakunja uso kidogo akifikiri. Mwambie "Gaucho", uso utakunjuka.

Jina hilo ni la kuazima, na aliyeazimwa naye alikuwa ameazima. Ronaldinho wa Brazili aliitwa Gaúcho ili atofautishwe na Ronaldo mwengine aliyemtangulia katika timu ya taifa; neno lenyewe kwao ni sifa ya mtu atokaye jimbo la kusini kabisa la nchi ile. Kwa hiyo jina la jimbo la Brazili lilivuka bahari likamkaa binti wa Kitanzania aliyejua kuuchezea mpira kama mtoto anayecheza na kivuli chake. Wala hakuwa peke yake. Mwenzake wa miaka mingi katika safu ya mbele, Asha Rashid, aliitwa Mwalala, kwa jina la Ben Mwalala, mshambuliaji wa Kenya aliyeichezea Yanga. Esther Chabruma aliitwa Lunyamila, na hapana shabiki wa miaka ya tisini asiyemkumbuka Edibily Lunyamila na mbio zake pembeni mwa uwanja.

Sisemi kwamba majina haya yalikuwa tusi. Yalitolewa kwa mapenzi, na yaliyapokea mapenzi. Wanaume nao wameitana kwa majina ya watu tangu zamani. Kila mtaa wa Unguja umekuwa na Pele wake. Tofauti ni hii: mwanamume akipewa jina la utani, jina lile hukaa juu ya rekodi iliyokwisha kuwapo, kama kofia juu ya kichwa. Mwanamke alipewa kofia kabla ya kichwa kutambuliwa. Sifa yake ilielezwa kwa kumlinganisha na mwanamume ambaye msomaji alimjua tayari, na msomaji akaridhika kwamba amekwisha kumjua. Na je, ni mwanamume gani hata leo anayeitwa Mwanahamisi kwa sababu anafunga mabao?

Timu iliyoshinda Jinja ilikwenda kwa jina la Kilimanjaro Queens, kwa kuwa katika mashindano yale Bara na Visiwani hucheza mbali mbali. (Zanzibar Queens walikuwapo pia, nao walifungwa mabao mengi, tutarejea kwetu hivi punde.) Jina la Kilimanjaro ni la mlima, na mlima ule unatosha peke yake. Lakini Kilimanjaro ni mkoa pia, na mkoa huo una milima mingine isiyotiwa katika picha za watalii. Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, kwa saa kadhaa Milima ya Upare inakuandama upande mmoja, na mji wa Same umekaa chini yake, katika ukame na vumbi, pamoja na reli ya zamani iliyotoka Tanga. Abiria wengi hushuka hapo, hunyoosha miguu, hununua maji, wakapanda tena. Wachache hujua kwamba katika mji huo mdogo wanawake walikwisha kuingia uwanjani miaka 70 kabla ya Jinja, na mchezo haukuwa wa mpira.

Naomba msomaji anivumilie katika mchepuko huu, kwani ndimo lilimo swali langu.

Mwaka 1943 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianzisha katika Wilaya ya Upare kodi ya kupimiwa mali, juu ya kodi ya kichwa iliyozoeleka. Kila mtu angekisiwa alichonacho, mashamba na mifugo, na wakisiaji ni watu wa watawala wa jadi. Kodi hiyo ilijulikana kwa jina la mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walichokataa ni kukisiwa, kwani waliona wazi kwamba mlango wa upendeleo na uonevu umefunguliwa. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, kaskazini na kusini, wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Hawakurusha mawe. Walikaa tu, kwa zamu, miezi ikapita. Kundi moja likichoka jengine likashuka. Yupo mtu atakayecheka, kwani Wapare hutaniwa na jirani zao, na hujitania wenyewe, kwamba wako tayari kuuza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku. Lakini kesi hii haikuwa ya kuku.

Wanawake walibaki juu na kazi zote: za shamba, za mfereji wa maji, za watoto, na chakula cha kuwapelekea waliokaa Same. Mwaka 1946 subira yao ilikwisha. Huko Usangi, katika Upare ya kaskazini, waliwavamia wakubwa waliokuja kuzungumza juu ya kodi. Kisha mamia yao wakaifunga safari kwa miguu, maili 25 hivi, kutoka milimani hadi Same, wakamkabili ofisa wa serikali kwa shauri ambalo, pamoja na utaratibu wa jarida hili, siwezi kulipamba sana: ama aimalize kesi ya kodi ili waume zao warudi nyumbani, ama awape mimba yeye mwenyewe, wote. Shauri la namna hiyo halijibiwi kwa waraka. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, kodi ya mbiru ilikuwa imekwisha kufutwa.

Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mtoto wa Upare, aliyaandika mapambano ya mbiru katika kitabu kidogo cha mwaka 1971, na msomi wa Kimarekani, Jean O'Barr, alikwenda kuwauliza wanawake wa huko wenyewe na akaandika juu yao miaka michache baadaye. Bila ya hao wawili pengine tusingelijua lolote. Lakini hata tunapojua, tunajua nini? Viongozi wa wanaume wana majina katika majalada. Watawala wana majina. Maofisa wa Kiingereza wana majina na vyeo. Wanawake ni "wanawake wa Usangi". Walihesabiwa kama umati, wakasifiwa kama umati, na tendo lao limebakia kama bao lililofungwa na timu nzima. Lazima alikuwapo mmoja aliyesimama mbele na kulitamka lile neno la mimba kwanza, kwa sauti, mbele ya askari. Ulimi haushirikiwi. Mmoja alisema, wengine wakaitikia.

Hilo ndilo linalonifanya niiangalie karatasi ya Jinja kwa jicho jengine. Pale mmoja ameandikwa.

Sasa turejee kwetu. Visiwani, wanawake wameuchezea mpira wa miguu kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Timu ya Women Fighters iliundwa mwaka 1988, na ilipata kusikika duniani si kwa magazeti yetu bali kwa filamu ya mwaka 2007, Zanzibar Soccer Queens, aliyoitengeneza Florence Ayisi, mzaliwa wa Kamerun anayefundisha Uingereza. Ndani ya filamu hiyo tunawaona wanawake wakifanya kazi zao za mchana, kisha jioni wakavaa daluga, na tunamsikia Nassra Juma Mohammed, mchezaji aliyekuja kuwa mwalimu wa timu, akieleza mambo yao kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kujibu maswali yaleyale mara mia. Maswali yenyewe tunayajua: mavazi, stara, wazee watasema nini, nani atamuoa. Ni maswali ya haki katika jamii yenye dini na heshima zake, na wachezaji wenyewe waliyatafutia majibu, mmoja kwa suruali ndefu na kilemba, mwengine kwa ruhusa ya mume, mwengine kwa kunyamaza. Mimi sina la kuongeza juu ya hayo. Langu ni dogo zaidi. Katika miaka yote ile, Women Fighters walifunga mabao mangapi, na nani aliyafunga?

Watu wa nje walipokuja na kamera waliuliza kuhusu hijabu. Sisi wa ndani tulipobishana magazetini na barazani, tuliuliza kuhusu hijabu vilevile. Wote wawili tulisahau kuuliza matokeo ya mechi.

Bara hali haikuwa njema sana kuliko huku, ila ilikuwa na watu wengi zaidi. Dar es Salaam ilikuwa na timu kama Sayari na Mburahati Queens, na kutoka katika timu hizo za mtaani ndiko kulikotoka Twiga Stars ya mwaka 2010. Mwaka huo timu hiyo iliifunga Eritrea 8 kwa 1 nyumbani, ikaenda sare ya 3 kwa 3 Asmara, na ikafuzu kwa mara ya kwanza fainali za wanawake za Afrika, chini ya mwalimu Charles Boniface Mkwasa, naye mchezaji mashuhuri wa Yanga wa zamani. Huko Afrika Kusini walifungwa mechi zote tatu: 2 kwa 1 na wenyeji, 3 kwa 2 na Mali, 3 kwa 0 na Nigeria. Watu waliisoma orodha hiyo kama orodha ya kushindwa. Mimi huisoma kwa namna nyengine. Mechi mbili kati ya tatu zilipotea kwa bao moja moja, na waliozicheza walikuwa wachezaji ambao nyumbani kwao hapakuwa na ligi ya taifa ya wanawake hata moja.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania ilianza katika msimu wa 2016/17, na mabingwa wake wa kwanza walikuwa Mlandizi Queens wa mkoa wa Pwani. Mshambuliaji aliyezaliwa katikati ya miaka ya themanini, aliyekuwa na nguvu zake zote kati ya mwaka 2005 na 2015, aliimalizia ujana wake katika mabonanza, mechi za kirafiki, mashindano ya mkoa na safari chache za timu ya taifa. Alifunga. Wote waliokuwapo watakuambia kwamba alifunga, na watakuonyesha kwa mguu jinsi alivyougeuza mpira. Lakini bao lisilo na ligi ni kama hati isiyo na mhuri. Hata kipa aliyefungwa hawezi kukuhakikishia ilikuwa mwaka gani. Ndipo jina la utani linapofanya kazi ambayo haikuwa yake: jina la Mwalala likawa ndiyo kumbukumbu yote, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya Asha Rashid.

Mambo yalibadilika haraka baada ya hapo, na nitayapitia upesi kwa kuwa haya yameandikwa. Kilimanjaro Queens walilitetea kombe lao Kigali mwaka 2018. Ubingwa wa ligi ukawa wa kupokezana baina ya JKT Queens na Simba Queens, na mwaka 2022 Simba Queens walifika nusu fainali ya klabu bingwa za wanawake za Afrika huko Moroko. Tarehe 9 Oktoba 2021 Twiga Stars, wakiwa wageni waalikwa, walitwaa kombe la nchi za kusini mwa Afrika kwa kuifunga Malawi bao 1 kwa 0, na mfungaji ni Enekia Kasonga. Mwaka 2022 wasichana wa chini ya miaka 17 walikwenda Kombe la Dunia nchini India, wakafungwa 4 na Japani, kisha wakaishangaza Ufaransa 2 kwa 1, wakaenda sare na Kanada na kuingia robo fainali. Waliofunga dhidi ya Ufaransa ni Diana Mnally na Christer Bahera, huyu wa pili kwa penalti. Yaangalie majina hayo. Hapana hata moja lililoazimwa.

Washambuliaji nao wakaanza kuvuka bahari. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess mwaka 2022 akaenda Häcken ya Sweden, akacheza klabu bingwa ya Ulaya, na mwaka 2024 akajiunga na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga alikwenda Al Nassr ya Saudia mwaka 2023 akawa mfungaji wa kutegemewa. Na kwa sisi tuliozoea kwamba safari ya Uarabuni ya binti wa pwani ni ya kazi za ndani, hilo ni jambo la kulitafakari peke yake siku nyengine. Opa Clement amepita Uturuki, Uchina na Meksiko. Jina lake la tatu ni Tukumbuke. Sikulitunga mimi.

Ni huyo Opa aliyekuwa nahodha Julai 2025, Tanzania iliporudi katika fainali za Afrika, huko Moroko, baada ya miaka 15. Mechi ya kwanza ilipotea kwa Mali 1 kwa 0. Ya pili ilikuwa na Afrika Kusini, mabingwa watetezi, na ni Opa aliyefunga kwanza. Mabingwa walisawazisha katika kipindi cha pili, ikamalizika 1 kwa 1. Ilikuwa pointi ya kwanza ya Tanzania katika historia ya fainali hizo. Ghana waliwafunga 4 kwa 1 katika mechi ya mwisho, na safari ikaishia hapo. Lakini bao lile la Afrika Kusini lipo: lina jina, lina dakika, lina picha, na hapana atakayehitaji kuuliza mzee wa mtaani.

Ningependa kuishia hapo kwa furaha, lakini milima ya Upare inanizuia. Juu kule, Usangi, Ugweno, Mbaga, Mamba, Chome, ardhi tambarare ni adimu. Ikipatikana hugawanywa baina ya skuli, soko, msikiti na kanisa, na kiwanja cha mpira hupewa kinachobaki, aghalabu kwa mwinamo. Kwa miaka mingi kiwanja hicho kilikuwa cha wavulana, na wasichana wakapewa netiboli kandoni, ambayo ni mchezo mzuri lakini haukuwa wa kuchagua. Siku hizi wasichana wanacheza mpira wa miguu katika mashindano ya skuli za msingi na sekondari nchi nzima. Bila shaka wiki hii yupo mmoja huko aliyefunga mawili. Matokeo yatapelekwa wilayani kwa namna ya kawaida: skuli fulani imeshinda, skuli fulani imeshindwa. Yaani tumerudi kwa wanawake wa Usangi.

Gharama ya kuongeza mstari mmoja katika karatasi ile, jina na dakika, ni wino wa shilingi kumi. Na huku kwetu kazi ni ya aina nyengine, kwani mechi zimekwisha kuchezwa. Waliovaa jezi za Women Fighters mwaka 1988 leo ni watu wazima wenye wajukuu. Wengine tunakutana nao Darajani na Mwanakwerekwe wakinunua samaki, na hatujui tunampisha nani. Wanaweza kuulizwa: mlicheza na nani, katika kiwanja gani, ulifunga kwa mguu upi, nani alikupa pasi. Mwenye picha iliyokunjika kabatini, mwenye daftari la mwalimu wa timu, mwenye tangazo la mechi lililobandikwa mlangoni, anacho kitu ambacho hakimo katika nyaraka zozote.

Huko Upare muda umekwisha kupita. Mwanamke aliyekuwa na miaka 20 alipoteremka kutoka Usangi hadi Same mwaka 1946, angekuwa hai sasa angekuwa amefika miaka mia.